Nilimjibia mama "hana", sasa goti lake linatoa usaha

Shikamoo Somo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, fundi cherehani, naishi Ngamiani hapa Tanga pamoja na mama yangu mzazi. Barua hii naiandika usiku mama akiwa amelala, maana mchana tukitazamana siwezi kuandika hata mstari mmoja.

Mama ana miaka 67 na anaishi na sukari tangu 2014. Zaidi ya miaka ishirini alikuwa akiamka alfajiri kupika vitumbua vya kuuza, amekaa kwenye kigoda mpaka saa nne. Magoti yakaisha yote mawili. La kulia lilikuwa baya zaidi, mguu ukapinda, akawa anaswali juu ya kiti. Hilo la kiti lilimuuma kuliko goti lenyewe. Kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi Dar, akauza kiwanja chake cha Pongwe alichokuwa amekusudia kujenga, akaongeza na mkopo, tukampeleka mama kwenye hospitali moja kubwa nje ya mkoa wetu akawekewa goti bandia. Hiyo ilikuwa Machi 2023.

Sasa nifike panaponichoma. Wiki tatu kabla ya kulazwa mama alianza kuumwa jino la nyuma. Ufizi ukavimba, akiubonyeza unatoa kitu cheupe. Tulipokwenda kliniki mara ya mwisho kabla ya upasuaji, muuguzi alikuwa na fomu, anauliza na kuandika. Akauliza kama mgonjwa ana kidonda, jipu, jino bovu au mkojo unaouma. Mama akanitazama mimi. Tarehe ile tulikuwa tumeisubiri miezi saba, na bibi mmoja aliyetutangulia kwenye foleni alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya kidonda cha mguuni, tulimwona akitoka analia. Nikasema, "Hana." Neno moja tu, Somo. Mama akashusha macho. Jino tulikuja kuling'oa miezi miwili baada ya kurudi Tanga.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mama aliacha magongo, na Ramadhani ya mwaka uliofuata alikwenda tarawehe kwa miguu yake. Tukasahau mambo ya hospitali. Mwaka jana mwezi wa nane alitoka jipu kwapani, tukalikanda likapasuka likapona. Mwezi wa kumi goti likaanza kuvimba na kuwa la moto, tukadhani amejitegua kwenye ngazi. Januari pembeni ya mshono pakatoka kipele, kipele kikawa tundu, na tundu linatoa maji yaliyochanganyika na usaha. Linajifunga siku nne, tano, mama anashukuru Mungu, kisha linafunguka tena.

Daktari wa mifupa anayemwona sasa alivuta maji gotini kwa sindano yakapelekwa maabara. Jibu likaja kwamba kuna bakteria anaitwa Stafilokokasi aureus. Daktari anasema goti lote litolewe, liwekwe saruji yenye dawa kwa miezi kadhaa, halafu afunguliwe tena awekewe jingine. Ameshatuandikia rufaa.

Nyumbani hatuelewani. Kaka anasema hospitali ile ilikuwa chafu ndiyo iliyomwambukiza mama, ameshapata wakili na anaandika malalamiko yenye jina la daktari aliyempasua. Kila Jumapili ananisomea barua hiyo kwenye simu ili nimrekebishie tarehe. Huku anatuma pesa za kununua vidonge vya antibayotiki duka la dawa, na kila tundu likifunguka tunaanza dozi. Wifi yangu anasema mama amechezewa, tunapoteza muda na madaktari. Mama mwenyewe amesema, "Niacheni na tundu langu, uchafu unatoka wenyewe."

Somo, mimi ndiye niliyemwambukiza mama yangu? Nimwambie kaka? Nikisema, kile kiwanja atanisamehe? Nikinyamaza, daktari wa watu atashtakiwa kwa kosa langu. Na mama, tumlazimishe?

Binti wa Ngamiani, Tanga

SOMO ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Kabla ya lolote: mama akipata homa, akitetemeka kwa baridi, akianza kuongea yasiyoeleweka, au goti likibadilika ghafla likawa jekundu na maumivu yakazidi, usimalize kusoma hapa. Mpeleke hospitali usiku huo huo, kwa bajaji, kwa gari la jirani, kwa chochote kitakachopatikana. Mtu mwenye sukari na usaha mwilini hangojewi apambazukiwe.

Kama usiku wa leo ni mtulivu, basi tuzungumze.

Miaka yangu ya kazi niliimalizia thieta, nikiwa muuguzi wa kuandaa vyombo. Nimeshika magoti bandia yakiwa bado yanang'aa, na nimeyapokea kwenye beseni yakitolewa. Kwa hiyo barua yako sikuisoma kama mgeni. Umeniuliza maswali manne lakini naona yote yamefungwa kwenye kamba moja, nayo ni lile neno "hana". Unaamini neno hilo ndilo lililoingiza usaha kwenye goti la mama, na kwa kuwa unaamini hivyo, huwezi kumtazama kaka, huwezi kumzuia asiandike barua yake, na huwezi hata kumwambia mama aende hospitali, kwa sababu hujioni kama mtu mwenye haki ya kumshauri. Nimekuelewa hivyo. Kama nimekosea utanisahihisha.

Nikurudishe kwenye maneno yako mwenyewe. Jino umelisimulia kwa kirefu, mpaka rangi ya usaha wake. Jipu la kwapani umelipa sentensi moja. Mimi nikiwa thieta, lile jipu lingenishtua zaidi. Stafilokokasi makao yake ya kawaida ni puani na kwenye ngozi ya binadamu, na majipu mengi ni kazi yake. Wadudu wa kwenye meno kwa kawaida ni wa ukoo mwingine. Halafu tazama nyakati. Stafilokokasi aureus ni mkali. Anapoingia siku ya upasuaji, mara nyingi hujionyesha ndani ya wiki au miezi michache ya mwanzo: mshono haukauki, homa haishi, goti halitulii. Mama yako alitembea, akaswali tarawehe, ukapita mwaka na nusu. Goti likavimba miezi miwili baada ya jipu. Madaktari wa mifupa wanaijua sana safari hiyo: bakteria anaingia kwenye damu kutoka kidonda, jipu au njia ya mkojo, anazunguka, anakuta chuma mwilini, anatua. Linaweza kutokea hata miaka kumi baada ya upasuaji uliofanywa vizuri kabisa.

Sikuapii kwamba ndivyo ilivyokuwa. Wapo bakteria wanaojificha muda mrefu kabla ya kuonekana, na mimi goti la mama sijaliona. Wala sikuambii haya ili mzigo uutoe kwenye jino uuhamishie kwenye jipu, uanze kulia kwamba mlilikanda nyumbani. Nani hapa Tanga hajakanda jipu? Nataka tu uone kwamba umeshajihukumu kabla ushahidi haujasomwa, na kaka naye ameshaihukumu hospitali, kila mmoja na mshtakiwa wake, na hakuna kati yenu aliyemuuliza daktari swali hili rahisi: kwa bakteria huyu na kwa tarehe hizi, unadhani alipitia wapi?

Hata hospitali zilizo bora duniani, kati ya watu 100 wanaowekewa goti au nyonga bandia, mmoja au wawili hupata maambukizi. Kwa hiyo usaha peke yake hauthibitishi kwamba thieta ilikuwa chafu, na pia hauthibitishi kwamba ilikuwa safi. Uingereza alikuwepo daktari wa mifupa, John Charnley, wa hospitali ya Wrightington, ambaye nyonga bandia za leo zimetokana na kazi yake. Mwanzoni takriban wagonjwa 7 kati ya 100 wake walikuwa wakipata maambukizi. Akajenga chumba ndani ya thieta chenye hewa iliyochujwa, akabadilisha magauni ya wapasuaji, akawavalisha glavu mbili mbili, na katika muda wa miaka kama kumi akashuka chini ya mmoja kati ya 100. Kipi hasa kilichosaidia? Watu wamebishana miaka mingi, kwa sababu alibadilisha mambo mengi kwa pamoja. Chanzo cha usaha mmoja ni vigumu kukinyooshea kidole. Kuna sukari ya mgonjwa, ngozi yake, pua yake, hewa ya chumba, saa ambayo antibayotiki ilichomwa, na majipu ya baadaye.

Huyo huyo Charnley nina jambo lake jingine ambalo nimelikumbuka kwa ajili yako. Kuanzia 1958 alitumia Teflon, plastiki inayoteleza, kutengeneza kikombe cha nyonga. Wagonjwa wakafurahi, maumivu yakaisha. Baada ya miaka michache Teflon ikaanza kusagika, unga wake ukawa unakula mwili. Watu karibu 300 walikuwa wameshawekewa. Hakuficha. Alipandikiza vipande vya Teflon kwenye paja lake mwenyewe aone mwili unafanya nini, akaandika matokeo kwenye jarida la madaktari mwaka 1963, akawafungua wagonjwa wake tena akiwabadilishia. Nikiwaza jinsi ilivyokuwa kukaa mbele ya mgonjwa mmoja mmoja na kumwambia kwamba nilichokuwekea kimeharibika, nachoka. Lakini kwa kuwa alisema, waliomfuata hawakurudia.

Sasa tuingie kwenye tundu, maana mama amesema uchafu unatoka wenyewe, na kwa macho inaonekana hivyo kweli.

Pipa la maji la nyumbani unalijua. Likikaa muda mrefu, ukutani kwa ndani panaota utelezi. Ukimwaga maji ukatia mengine, utelezi upo pale pale, mpaka uingize mkono usugue. Bakteria akitua kwenye chuma au plastiki ya goti bandia hujitengenezea utando wa namna hiyo, akaishi chini yake. Chuma hakina mishipa ya damu, na dawa uliyomeza inasafiri kwa damu. Inawaua wale wanaoelea, uvimbe unapungua, tundu linajifunga siku zako nne, tano. Wale wa chini ya utando wanabaki, wanazaana, tundu linafunguka. Kwa hiyo kile mnachokiona kila mara si ugonjwa mpya, na wala si mtu anayewarudishia kwa uchawi. Ni utelezi wa pipa. Mwaka 2011 mabingwa wa maambukizi ya mifupa walikubaliana vigezo vya kuutambua ugonjwa huu, na tundu linalofika mpaka kwenye kiungo waliliweka kuwa ushahidi unaotosha peke yake. Nalo ni mlango unaopitika pande zote mbili: usaha unatoka, na wadudu wengine wa nje wanaingia.

Hapo ndipo vidonge vya kaka vinaponitia hofu. Anavituma kwa mapenzi, najua. Lakini dozi za kuanza na kuacha zinamfundisha bakteria kuizoea dawa. Na kuna lingine ambalo duka la dawa hawatakwambia: mgonjwa anayekunywa antibayotiki akitolewa vipimo vya goti, mara nyingi bakteria haoti maabara, na daktari anabaki kupiga ramli. Ndiyo maana wapasuaji wengi hutaka mgonjwa akae angalau wiki mbili bila antibayotiki kabla ya kuchukua vipande vya nyama vya kupima, kama hali yake inaruhusu. Usimsimamishie mama dawa kwa sababu ya maneno yangu. Mpigie daktari, umtajie kila kidonge alichokunywa tangu Januari, jina na siku. Pakiti zilizoisha ziweke kwenye mfuko uende nazo.

Vidonge vyenyewe si adui. Uingereza walifanya utafiti kwa watu 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na viungo, ukachapishwa 2019, ukaonyesha kwamba katika wiki sita za mwanzo za matibabu, vidonge havikushindwa na sindano za mshipani. Tofauti yake na vya kaka ni kwamba vilichaguliwa na wataalamu baada ya kumjua bakteria, na wengi wa watu hao walikuwa wamesafishwa kwanza kwa upasuaji. Daktari anaweza hata kutaja rifampisini, ile ile ya kifua kikuu, kwa sababu inajua kupenya kwenye utando. Hiyo haitolewi peke yake hata siku moja, bakteria huizoea upesi mno.

Kuhusu upasuaji wenyewe, daktari hakuwabunia. Njia ya awamu mbili ilienea baada ya John Insall na wenzake wa New York kuiandika mwaka 1983, na ile saruji yenye dawa ilitokana na kazi ya Hans-Wilhelm Buchholz wa Hamburg, aliyetangaza mwaka 1970 habari za kuchanganya antibayotiki ya jentamisini kwenye saruji ya mifupa. Dawa inachuruzika pale pale panapohitajika, kwa kiwango ambacho damu isingeweza kukifikisha. Wengi wanaozimaliza awamu zote mbili hupona. Lakini lazima nikwambie na upande wa pili: ni usingizi wa thieta mara mbili kwa mama wa miaka 67 mwenye sukari, ni miezi ya kutembea kwa magongo juu ya goti lisilokunja vizuri, na wapo ambao awamu ya pili hawaifikii, ama kwa kuchoka, ama kwa afya, ama kwa fedha. Kuna madaktari wanaotoa na kuweka jipya siku moja, kwa wagonjwa wanaowachagua. Kusafisha tu na kuliacha goti mahali pake hufaa zaidi maambukizi yakiwa ya wiki chache tu na ngozi haina tundu. Kwa mama nadhani wakati huo umepita. Kuna kuunganisha mfupa na mfupa ili mguu unyooke moja kwa moja, maumivu yakaisha na kukunja nako kukaisha. Na kuna kumeza dawa ya kumtuliza bakteria maisha yote bila kumwondoa, njia ambayo hupewa asiyeweza kustahimili kisu. Hii ya mwisho ndiyo iliyo karibu na analotaka mama, ila yeye anaitaka bila daktari, na hapo pana hatari ya usaha kuingia kwenye damu.

Maswali ya kwenda nayo: mama yuko kundi gani kati ya hayo? Asipofanyiwa lolote mwaka huu, nini kinatarajiwa? Akifanyiwa, ataweza kusujudu? Hilo la kusujudu liulizeni waziwazi, maana ndilo lililomtoa nyumbani mara ya kwanza, na goti bandia hata likiwa zima si kila mara linakubali kukunjwa hadi chini. Na fedha: kabla kiwanja kingine hakijatajwa, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, muulize mzee wa umri wake anasaidiwa nini na bima inabeba kipi.

Mwanangu, kumwambia daktari habari ya jino na ya jipu kwangu ni jambo la tiba, liko mbali na mambo ya kuungama. Kama mama atafunguliwa tena, kinywa chake kinahitaji kukaguliwa kwanza, wastani wa sukari yake wa miezi mitatu upimwe, ngozi yake itazamwe. Atakayempasua anatakiwa kuyajua. Tena hapa nchini tuna sababu ya kulijua hili vizuri. Mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya usalama wa upasuaji, karatasi ya mambo 19 ya kutamkwa kwa sauti kabla, wakati na baada ya kupasua. Lilichagua hospitali katika miji minane ya dunia, London na Seattle zikiwemo, na mmoja wa miji hiyo ulikuwa Ifakara yetu. Kwa jumla ya hospitali zote, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka 11 hadi 7. Karatasi tu, mwanangu! Watu kuulizana kwa sauti: huyu ni nani, tunapasua wapi, antibayotiki ameshachomwa? Dawa hiyo inatakiwa iingie ndani ya saa mbili kabla ya kisu. Nilipoanza kazi hatukuwa tunaulizana hivyo, na nimeona yaliyotokana na kutokuulizana. Muuguzi wako wa fomu alikuwa kwenye kazi hiyo hiyo. Ulimjibu kwa hofu, mbele ya bibi anayelia. Hofu yako naielewa. Safari hii akiuliza, jibu lake unalo.

Kaka ni mlima mwingine, na sitajifanya nina njia nyepesi ya kuupanda.

Ukinyamaza, yafikirie haya. Wakili akianza kazi ataomba faili, na ndani ya faili imo ile fomu, na kwenye fomu imeandikwa "hana". Kaka anaweza kuyasoma hayo mbele ya watu wengine, baada ya wewe kumrekebishia tarehe kila Jumapili. Upande wa pili, ukimwambia leo kwenye simu, amechoka, ana mkopo, huna uso wake mbele yako, anaweza kutamka neno ambalo hata yeye hatalitaka kesho. Na anaweza kuishika habari ya jino akaona ndiyo yote, akausahau ukweli kwamba chanzo hakijajulikana. Kama mimi ningekuwa na ndugu kama huyo ningependa kwanza nimsikie daktari kuhusu bakteria na tarehe, ili siku ya kuzungumza niwe na kitu cha kusimamia, na ningependa awe amekuja Tanga, tumekaa. Lakini wewe ndiye unayemjua ni mtu wa namna gani anapoumia.

Malalamiko yake pia si lazima yawe shtaka. Ana haki ya kuuliza hospitali mambo ya maana: antibayotiki ilitolewa saa ngapi, sukari ilikuwa ngapi asubuhi ile, na goti lililowekwa ni la kampuni gani na saizi gani. Kwenye faili huwa vinabandikwa vijikaratasi vya kunata kutoka kwenye maboksi ya vipande vya goti, na daktari atakayelitoa atavihitaji ili aandae vyombo vinavyolingana. Ukimwomba kaka aanze na barua ya kuomba kumbukumbu hizo, utampa kazi inayomsaidia mama wiki hii hii, na jina la daktari litakuwa bado halijachafuliwa. Akiona baadaye kuna kosa la kweli, Baraza la Madaktari lipo na mlango wake haufungwi.

Kile kiwanja, atakusamehe? Siwezi kumjibia. Ila alikiuza ili mama atembee, na mama alitembea.

Nimebakiza sentensi moja ya barua yako ambayo nimeirudia zaidi ya nyingine. Umeandika: "Mama akashusha macho." Mwanangu, mama alikuwepo. Jino lilikuwa lake, tarehe ilikuwa yake, na alikutazama wewe ili ujibu. Miaka yote hii umejiona uko peke yako na siri, kumbe mko wawili ndani ya nyumba moja. Mama anaposema "niacheni na tundu langu", una hakika ni kuchoka tu? Inaweza kuwa naye anajihesabia. Inaweza kuwa anaogopa mwanawe wa kiume auze kingine, kwa jambo ambalo yeye mwenyewe alilinyamazia. Inaweza pia kuwa amechoka kweli, na mtu mzima mwenye akili zake ana haki ya kukataa kisu; kumlazimisha msijaribu. Lakini hajakataa kitu alichoelezwa mpaka sasa. Amekataa kelele za nyumbani.

Wifi yako usigombane naye. Dua isomwe, mama apate faraja yake. Chale, majivu na mafuta ya kupaka ndani ya tundu, hapana.

Nadhani wewe ndiye unayemfunga mama kidonda, jioni. Osha mikono kwa sabuni kabla na baada, gozi safi, usiingize kitu tunduni wala usilikamue. Na siku moja kati ya jioni hizo, kaka asiwepo, simu iwe mbali, ukiwa umeinama hapo gotini na hamtazamani, mwulize kwa sauti ya kawaida: "Mama, siku ile ya fomu, ulikuwa unafikiria nini?" Halafu endelea kufunga bandeji polepole, umwache ajibu.

Niandikie utakapokuwa umemsikia.

Somo